Fundi Aliyeua Umeme

Zamani mtu aliyetaka umeme nyumbani kwake aliuliza fundi ni nani. Siku hizi anauliza bei ni ngapi, na akishaipata ya chini hana haja ya kujua kama aliyepanda darini ni fundi au ni nyani.

Koleo alikuwa wa zamani. Jina hilo alipewa na wakulima kwa sababu ya koleo lililoning'inia kiunoni mwake kila siku, hata mazishini, mipini yake imeviringishwa mpira mwekundu uliochakaa ukageuka rangi ya ini. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa fundi umeme pekee mwenye leseni katika vijiji vile vya vitunguu na mahindi. Mtu wa maneno mengi hakuwa. Alikuwa na jambo moja tu la kujisifia, na alilisema bila kuombwa: hakuna kiumbe aliyewahi kufa kwa kazi ya mkono wake. Si mtu, si ng'ombe, si kuku. Wengine wanaacha mashamba, wengine wanaacha watoto wenye vyeo. Yeye hilo ndilo alilotaka lisemwe siku akifunikwa udongo.

Ufundi hakuupata darasani, aliupata kwa kipigo. Bwana aliyemfundisha alikuwa mzee mwenye sikio moja zima na jingine lililoungua likabaki kama ganda la karanga. Siku ya kwanza alimwambia aguse waya aone kama uko hai. Koleo akanyoosha kiganja. Mzee akamshika kifundo cha mkono, akakichapa kile kiganja kwa kipande cha kebo nene mpaka ngozi ikapasuka.

"Umeme nao una kiganja," alimwambia huku akichapa. "Ukiupa chako unakupa chake. Mnashikana, na hamwachani mpaka mmoja wenu afe. Na umeme haufi."

Tangu siku ile Koleo aligusa kila waya kwa mgongo wa mkono, ili ukimuuma mkono uruke wenyewe. Watu walimcheka. Walisema anasalimiana na umeme kama bibi harusi anayeona haya.

Somo la pili lilikuwa neno. Huyo mzee alikuwa na ndugu yake, fundi vilevile, aliyepanda nguzo siku ya upepo. Aliyekuwa chini penye swichi akapaza sauti, "Sijazima!" Wa juu akasikia mwisho wa neno tu, na mwisho wa "sijazima" ni uleule wa "nimezima". Akashika. Walimshusha kwa kamba baada ya saa nzima, na kiatu kimoja kilibaki kule juu pamoja na kilichokuwa ndani yake. Kuanzia hapo mzee alipiga marufuku neno kuzima. Aliyeko kwenye swichi aliagizwa aseme "Nimeua!" Aliyeko kwenye waya anauliza "Kabisa?" Wa kwenye swichi anajibu "Kabisa," na haondoki hapo, wala haondoi mkono wake kwenye mpini, mpaka mwenzake aje mwenyewe ampe ruhusa. Wa kurudisha umeme anasema "Nafufua," naye anangoja ajibiwe "Fufua." Upepo uvume, mvua inyeshe, mashine zipige kelele, maneno hayo hayafanani na mengine.

Koleo alipooa hakuwa na uwezo wa kuajiri mtu wa swichi, basi alimfundisha mkewe. Yule mwanamke alisimama kwenye swichi za watu miaka sita, kanga imekazwa kiunoni, akipaza sauti. Wakirudi nyumbani jioni alikuwa akimtania, "Fundi, leo nimeua mara tano, na bado unanidai chakula?"

Hiyo ilikuwa ndoa yao ilipokuwa nzuri.

Leseni ilikuwa habari nyingine. Kila mwaka Koleo alisafiri siku mbili kwenda kuihuisha, akakaa kwenye benchi la mbao pamoja na wengine, akajaza fomu zilezile. Akirudi alirudi na ruhusa ya kuendelea kutumia muhuri wake: kijipande cha mpira cha duara chenye jina lake na namba. Bila muhuri wa mkandarasi kwenye fomu, shirika la umeme haliungi mtu. Kwenye lile benchi wenzake walimcheka kwa kuhangaika darini na umri ule. Wao walikuwa wamekaa majumbani mwao wakikodisha mihuri. Kijana asiyejua chanya na hasi anafunga waya, fomu inaletwa, mwenye leseni anagonga, hajaiona nyumba wala mlango wake.

"Muhuri ukisema, nimesema mimi," Koleo aliwajibu. "Siwezi kuapa kwa kitu sijakiona."

Muhuri aliuweka ndani ya kopo la majani ya chai, juu ya kabati la chumbani. Aliyelijua kopo lile ni mkewe peke yake.

Basi shemeji yake, mdogo wa mkewe, akachimba kisima.

Alikuwa mkulima mwenye bidii, hilo hakuna wa kumnyima. Alikuwa na ekari nyingi za vitunguu kando ya mto uliokuwa ukikauka mwaka hadi mwaka, na alikuwa na mtoto wa kiume mkubwa, ameoa juzi tu, aliyefanya kazi kama ng'ombe wawili. Walitaka pampu ya umeme wa nguvu ya mashine. Koleo akaenda, akapima, akaandika kwenye karatasi: kebo ya shaba ya unene fulani, swichi kuu ya chuma, swichi ya kujikata yenyewe umeme ukivuja, na fimbo ya shaba ndefu kuliko mtu, ya kuzikwa wima ardhini karibu na pampu ili umeme ukipotea njia ushukie huko usishukie kwa mtu. Na ada ya ukaguzi. Akaiweka karatasi mezani, nyumbani kwake mwenyewe, mbele ya mkewe aliyekuwa akipepeta mchele.

Shemeji akasoma, midomo ikicheza. "Shemeji, hii pampu au ndege?"

"Pampu."

"Kuna fundi mmoja ananifanyia kwa nusu ya hapa."

"Namjua. Ndiyo maana mnamwita Nusu Bei. Na kazi yake nusu."

"Hii fimbo ya shaba, naizika ardhini halafu? Inaota?"

"Haioti. Inakaa huko miaka yote haina kazi, siku moja inafanya kazi nukta moja. Shemeji, bei yangu ina vitu vitatu: vifaa, jasho na usingizi. Nikimaliza unalala."

"Usingizi nina wangu wa bure." Shemeji akaikunja karatasi. "Sikia. Mimi si mtu baki. Nusu Bei afunge waya, wewe unigongee muhuri tu. Kugonga muhuri ni jasho gani?"

"Haukodishwi."

"Nani kasema kukodi? Undugu nao unakodishwa?"

"Hata bure haugongwi."

Shemeji akainuka. Akasema kwamba mwanaume mzima anajifanya mtakatifu kwa kipande cha mpira, wakati anakula mchele wa shamba la baba yake yeye shemeji. Koleo akamwambia atoke. Shemeji akamtupia karatasi usoni. Wakashikana mashati, meza ikaenda chini, mchele ukamwagika, na mkewe alipojitia katikati kiwiko cha mmoja wao kikampiga mdomoni. Kiwiko cha nani, mpaka leo hakijulikani. Jino lilitoboa mdomo wa juu. Damu ikadondokea mchele, na wanaume wawili wakasimama wakihema kama majogoo, kila mmoja akimtazama yeye kana kwamba yeye ndiye aliyeanza.

"Mmemaliza?" aliuliza, kanga mdomoni. "Okoteni mchele wangu."

Waliuokota. Lakini miezi mitatu hawakusalimiana.

Siku moja Koleo alipita njia ya mto akasikia pampu inanguruma. Akajisemea kwamba wamepata muhuri mjini, kwa mmoja wa wale wa benchi. Akashuka kutazama. Banda lilikuwa la mabati, swichi ipo, waya zimepita juu ya misumari kama kamba ya kuanikia nguo. Mahali pa fimbo ya shaba palikuwa na kipande cha nondo chenye kutu, kimechomekwa ardhini urefu wa shubiri, kimefungwa kwa waya wa seng'enge. Swichi ya kujikata haikuwapo kabisa. Nusu Bei mwenyewe alikuwa pale, mwanaume mwenye miwani ya jua juu ya kichwa na viatu vyeupe, akipiga soga na vibarua wanane hivi.

Koleo hakumtazama. Alimsemesha shemeji yake, aliyekuwa akifungua mfereji. "Shemeji, huu umeme utaua mtu."

"Wivu nao ni umeme, mzee," Nusu Bei akadakia. "Usiushike kwa kiganja."

Vibarua wakacheka mpaka wakaegemea majembe. Hata mtoto wa shemeji alicheka, ila yeye aliinamisha kichwa kwanza, kwa adabu. Shemeji hakucheka. Alisema tu, "Ukija kunitakia mabaya, uje na shahidi." Na mashahidi, kama ilivyokuja kuonekana, walikuwepo wanane.

Juma lililofuata ng'ombe alikwenda kunywa maji yaliyotuama chini ya pampu. Alikanyaga tope, miguu ikakakamaa, akalia sauti ambayo ng'ombe hailii, akaanguka ubavu. Walimwahi kwa kisu wakamkata koo ili nyama isihesabike kibudu. Damu ilikataa kutoka, ikatoka kidogo, nyeusi. Walisema ni nyoka. Nyama wakauza mchana uleule. Koleo alipopata habari alikwenda mpaka mlangoni kwa shemeji yake kumwambia azime pampu, akafunguliwa mbwa. Alirudi na suruali iliyochanika na alama za meno mawili kwenye paja. Mkewe alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi bila kumtazama usoni. Koleo alidhani ni hasira juu ya yule mbwa.

"Kesho uende wewe," alimwambia. "Wewe dada yake, atakusikia."

"Nitakwenda," akajibu. Kesho yake alikwenda. Alirudi akasema mdogo wake amekataa, vitunguu viko karibu kukomaa, wiki tatu tu za maji zimebaki.

Wiki tatu hazikufika.

Ilikuwa asubuhi, jua halijapanda. Koleo alikuwa kwa mwenye mashine ya kusaga, ng'ambo ya njia, akimbadilishia fyuzi, aliposikia ukelele wa mwanamke. Aliyelia alikuwa mke wa mtoto wa shemeji, aliyeleta uji shambani. Koleo alikimbia kama alivyokuwa, bisibisi mkononi. Alimkuta kijana yuko pekupeku topeni, mkono wa kulia umelishika bomba la pampu, vidole vimezama kwenye chuma kana kwamba vimechomelewa. Macho yalikuwa wazi. Meno yalikuwa yameuma ulimi na kuupita. Alikuwa akitikisika mtikisiko mdogo, wa haraka, na moshi mwembamba ulikuwa ukitoka katikati ya vidole. Kibarua mmoja alimrukia amvute, akatupwa mpaka kwenye tuta, akalala hapo akitapika.

"Asimguse mtu," Koleo alisema, akampita kijana, akaingia bandani. Alipiga mpini wa swichi kuu kwa mgongo wa mkono, mpini ukagoma. Akaushika, akaushusha kwa uzito wa mwili wote. Pampu ikakata sauti. Kule nje kitu kizito kikaanguka topeni.

Na mdomo wake, uliokuwa umefanya hivyo miaka thelathini na mmoja, ukafunguka wenyewe.

"Nimeua!"

Akangoja. Hakuna aliyeuliza "Kabisa?" Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, ili waliopo nje wajue kwamba sasa wanaweza kumshika kijana wampige kifua, wampulizie pumzi. "Nimeua!"

Watu waliokuwa wakija mbio kutoka mashambani, majembe mikononi, walisikia neno hilo moja, mara mbili, likitoka ndani ya banda, na mbele ya banda waliona maiti.

"Mmemsikia," alisema Nusu Bei. Alikuwa amekuja na wengine, viatu vyeupe vina tope. Hakupaza sauti. "Kasema mwenyewe. Si alituambia utaua? Mbele yenu hapa, si alisema?"

Shemeji alikuwa amepiga magoti kwa mwanawe. Alimgeuza, akaona ule mkono. Akainuka na kipande cha bomba la chuma.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wasiojua kazi ile hawatalielewa. Koleo angeweza kutoka. Banda lilikuwa na mlango wa nyuma, wa gunia. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye mpini wa swichi, na aliyeua haondoki mpaka aliyeko kwenye waya aje ampe ruhusa. Nje watu kumi na kitu walikuwa wamekanyaga lile tope, wengine wameshika bomba, wamemkumbatia yule kijana. Mtu mmoja mjinga akiingia akaupandisha ule mpini, wanakwenda wote. Basi alibaki ameushika.

Wao waliona mtu anayeficha kitu.

Pigo la kwanza lilimpata mgongoni. La pili lilimvunja mfupa wa bega. Alisema, "Shemeji, ngoja, watoke kwanza kwenye maji," na pigo la tatu likamkata maneno pamoja na meno. Waliingia wengi. Banda lilikuwa dogo, hawakuweza kuinua majembe, basi walitumia mipini, visigino, ngumi. Alichofanya ni kuegemea swichi kwa mwili wote. Mtu mmoja akasema, "Anashika nini pale? Mwachisheni." Walijaribu kumbandua vidole, vikakataa. Shemeji akawaambia wasogee. Akauweka ule mkono sawa, kama mtu anavyoweka kuni kwenye gogo, akaupiga kwa bomba kwenye mgongo wa kiganja. Akaupiga tena. Alipiga mpaka mifupa midogo ikatokeza nje ya ngozi kama mbegu za boga, na vidole vikafunguka kimoja kimoja.

Mpini haukupanda. Alikuwa ameupinda wakati anaushusha, hakuna ambaye angeweza kuupandisha. Laiti angelijua.

Kwa jicho lililobaki wazi alimwona mkewe. Alikuwa amesimama mlangoni, amekuja mbio bila viatu. Katika watu wote wa pale, ni yeye peke yake aliyejua neno lile maana yake nini. Alilitamka mwenyewe miaka sita. Koleo alimtazama, damu ikimjaa kooni, akangoja aseme.

Mkewe alifungua mdomo. Mdogo wake akageuka akamtazama, bomba linadondosha damu. Akaufunga. Kisha akaenda kujitupa juu ya maiti ya mtoto wa nduguye, akalia kilio ambacho kilikuwa cha kweli.

Aliyemwokoa Koleo ni mwenye mashine ya kusaga. Alikuja na trekta, akaliingiza moja kwa moja katikati ya watu, akavunja ukuta wa banda na mguu wa mtu mmoja, akamtupa fundi kwenye tela kama gunia la pumba.

Hospitali ya wilaya ilimkata vidole viwili na kuuacha mkono uliobaki ujipinde utakavyo. Siku ya tisa akaja mkaguzi wa umeme, mtu mnyamavu mwenye faili la kijani, pamoja na askari. Mkewe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa akija kila siku, akimlisha uji, na kila siku alizungumza habari za kuku.

"Tumefukua kile kinondo," mkaguzi alisema. "Nimekaa kazini muda mrefu, mzee wangu, sijaona uchafu kama ule. Mtu hakuuawa na wewe kule bandani, hilo kila mwenye akili analiona. Aliuawa siku ile walipofunga. Sasa nataka aliyefunga."

Koleo alijisikia kitu kama njaa iliyopata chakula. Alitaka kusema, mdomo haukuwa tayari. Mkaguzi akafungua faili, akatoa fomu, akamwekea juu ya shuka.

"Muhuri huu ni wako?"

Ulikuwa wake. Duara, jina, namba. Ukingo wa kulia ulikuwa na ufa mdogo, mahali ambapo panya aliutafuna miaka ya nyuma. Hakuna muhuri mwingine duniani wenye ufa ule.

Aliutazama muda mrefu. Kisha akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa akitazama kikombe cha uji. Kwenye mdomo wake wa juu kulikuwa na kovu jembamba, jeupe. Mkaguzi hakuwa mpumbavu. Akamwambia askari watoke kidogo wakavute hewa.

"Mdogo wangu alikuja mwenyewe nyumbani," mkewe alisema walipobaki wawili. Sauti ilikuwa ndogo. "Ulikuwa umekwenda kuhuisha leseni. Alisema ni karatasi tu. Alisema hata wewe hutajua. Yule nilimbeba mgongoni, baba watoto. Mama alipokufa nilimbeba mimi."

"Najua."

"Ng'ombe alipokufa nilikwenda nikamwambia tukueleze wewe ukweli. Akasema nikisema nitafungwa mimi."

"Kweli ungefungwa wewe."

Kijiko kiligonga ukingo wa kikombe, kikagonga tena.

"Kule bandani," Koleo alisema. "Ungesema tu neno lile ni la nini."

"Nilikuwa namtazama mtoto."

"Ulikuwa unanitazama mimi."

Mkaguzi aliporudi alikuta mambo yamekwisha. Akauliza tena, na Koleo akajibu kwamba muhuri ni wake. Nani aliugonga? Muhuri ukisema, nimesema mimi. Mkaguzi akamwambia, mzee, fikiri, hii ni roho ya mtu. Koleo akasema amefikiri. Wengine watasema alifanya hivyo kwa mapenzi, na wengine kwa ujinga. Ukweli ni kwamba miaka thelathini na mmoja alikuwa amewaambia watu jambo moja, na hakuona namna ya kuligeuza siku lilipomgeukia.

Kwa hiyo aliyetaka isemwe kwamba hakuna kiumbe aliyekufa kwa kazi yake aliandikwa kitabuni mwa serikali kwamba ameua. Leseni ilifutwa mpaka kufa. Akapewa miaka mitatu. Gerezani walijua kwamba ni fundi aliyeua kwa kazi mbovu, wakamwita Shoti, na kila bulbu ya selo ilipoungua walimpiga kwanza kisha wakauliza kulikoni. Jicho la kushoto lilibaki huko. Nusu Bei alitoa ushahidi mahakamani akiwa na viatu vipya, akasema alimwona mzee akifunga waya kwa mikono yake, naye shemeji akaapa vivyo hivyo. Mkewe hakuitwa. Mwaka wa kwanza alikuja gerezani mara nne, mwaka wa pili mara moja. Watoto wao, waliokuwa wameolewa mbali, waliandika barua za kuuliza kama ni kweli. Hakuzijibu. Mkono wa kuandikia haukuweza tena kushika kalamu.

Alipotoka hakuwa na pa kwenda, akapata lifti juu ya lori lililokuwa likienda kupakia vitunguu. Alikaa nyuma, juu ya magunia matupu, kofia imeshushwa. Njia ilipita pale pale mtoni, na dereva akasimama kuchota maji ya rejeta kwenye mfereji.

Banda lilikuwa jipya, la matofali. Kebo zilipita ndani ya bomba, zimenyooka. Kando ya pampu, mahali alipopaonyesha kwa kidole miaka ile, kilitokeza kichwa cha fimbo ya shaba, na kwa jinsi kilivyokaa alijua kwamba iliyobaki imezama chini sawasawa, urefu wote. Kwenye nguzo ya mlango palikuwa na swichi ya kujikata. Kila kitu cha karatasi yake kilikuwepo, hakikupungua kimoja.

Shemeji alikuwa ameinama kwenye pampu, mgongo umepinda, nywele zimekuwa nyeupe zote. Mke wa Koleo alikuwa ndani ya banda, kanga imekazwa kiunoni kama zamani.

"Nimeua!" alisema yule mwanamke.

"Kabisa?" mdogo wake akauliza, hajainua kichwa.

"Kabisa."

Ndipo shemeji akaunyoosha mkono wake wa kulia, akaugeuza, akaugusa waya kwa mgongo wa mkono. Taratibu, kama mtu anayepapasa paji la uso la mgonjwa. Alifanya kazi yake, akakaza, akafuta mikono kwenye suruali, akaenda mlangoni kumpa dada yake ruhusa.

"Nafufua."

"Fufua."

Pampu ikashika. Maji yakatoka mwisho wa bomba, kwanza ya kahawia, kisha meupe, yakaingia kwenye matuta ya vitunguu. Hakuna aliyetazama barabarani. Dereva alimaliza kujaza rejeta, akapanda, akauliza kupitia dirishani kama mzee anateremka hapa.

Koleo aligonga paa la kabini mara mbili kwa ule mkono uliopinda. Lori likaondoka, na hakuwaona tena.